Kibali cha mhudumu wa ambulensi Texas: karatasi mbili, kalenda mbili

Ukifanya kazi kwenye ambulensi jimboni Texas, kuna uwezekano mkubwa una karatasi mbili zenye jina lako, na zote mbili zinasema wewe ni EMT, yaani mhudumu wa dharura wa ngazi ya msingi, au paramediki, ambaye ni wa ngazi ya juu zaidi. Moja imetoka Columbus, Ohio, kwa shirika lisilo la serikali ambalo kila mtu kazini hulitaja kwa herufi zake, NREMT, yaani Sajili ya Taifa ya wahudumu wa dharura. Nyingine imetoka Austin, kwa Idara ya Huduma za Afya ya Jimbo, DSHS. Ya Ohio huisha kila baada ya miaka 2, tarehe 31 Machi. Ya Austin huisha kila baada ya miaka 4, katika tarehe ambayo ni yako peke yako kwa kuwa inahesabiwa tangu siku ulipopewa.

Matatizo mengi ya kuhuisha yanaanzia hapo. Mtu anahuisha moja na kudhani amehuisha zote. Mwingine anaiacha ya Ohio ife kwa sababu msimamizi wake alimwambia haihitajiki Texas. Msimamizi huyo hakusema uongo, ila kuna nusu ya maelezo aliyoiacha, na nusu hiyo ndiyo inayogharimu. Naandika haya kwa ajili ya wenzetu walioko Houston, Dallas, Fort Worth na Abilene, ambako Wakongo, Wakenya, Watanzania na Warundi wameweka makazi, na ambako kijana aliyeanza kwa kutunza wazee huangalia pembeni akaona ambulensi na kusema, hii nayo ni kazi ninayoiweza. Kuingia ni kugumu, lakini angalau chuo kinakushika mkono. Kubaki ndani unaachwa peke yako na tovuti mbili zisizozungumza lugha moja.

Nimeichagua Texas kwa makusudi. Hakuna leseni moja ya Marekani nzima. Kila jimbo lina sheria yake, na mtu akikueleza namna ya kuhuisha bila kukuuliza uko jimbo gani, msikilize kwa tahadhari.

Maswali manne

Njia rahisi ya kuufungua mkanganyiko huu ni kujua kwamba kabla hujamgusa mgonjwa, maswali manne tofauti huwa yameulizwa, na kila swali lina mwenyewe. Umefundishwa kuifanya kazi hii? Hilo ni swali la chuo. Umethibitika kuwa unaiweza? Hilo ni la mtihani wa taifa, yaani NREMT. Sheria inakuruhusu kuifanya hapa? Hilo ni la jimbo. Na daktari ambaye unafanya kazi chini ya jina lake, amekukubali? Hilo ni la daktari msimamizi wa kampuni au idara yako. Mfumo huu wa ngazi nne umeelezwa katika mwongozo wa kitaifa wa mipaka ya kazi ya wahudumu wa dharura, uliotolewa upya mwaka 2019 na mamlaka ya shirikisho ya usalama barabarani.

Ajabu kwamba mwongozo wa tiba umetolewa na watu wa barabara? Ina historia yake. Mwaka 1966 Akademia ya Taifa ya Sayansi ilitoa ripoti iliyoonyesha jinsi Wamarekani walivyokuwa wakifa kwenye ajali bila msaada wa maana njiani. Siku hizo sehemu nyingi nchini humo ambulensi ilikuwa gari la kampuni ya mazishi, lenye dereva na machela na basi. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya usalama barabarani, na huduma ya dharura ikawekwa chini ya wizara ya uchukuzi. Mwaka 1967 mjini Pittsburgh ikaanza huduma ya Freedom House, iliyowachukua vijana weusi ambao wengi hawakuwa na ajira na kuwafundisha tiba ya njiani kwa kiwango ambacho miji mingi haikuwa nacho. Daktari Peter Safar aliibuni programu hiyo ya mafunzo, na daktari Nancy Caroline akaja kuwa msimamizi wao wa kitabibu. Huyo Caroline, ambaye kitabu chake cha kiada kiliwafundisha vizazi vya paramediki, baadaye alifanya kazi Nairobi na madaktari wa ndege wa AMREF, kwa hiyo msomaji wa Kenya asidhani hii ni historia ya watu wa mbali.

NREMT yenyewe ilianzishwa mwaka 1970 ili mtihani uwe mmoja nchi nzima. Lakini mamlaka ya kumruhusu mtu kufanya kazi ya afya yalibaki mikononi mwa majimbo, kama yalivyo kwa madaktari na wauguzi. Ndiyo maana una karatasi mbili. Ya taifa inapima uwezo, ya jimbo inatoa ruhusa. Cheti cha taifa bila kibali cha jimbo hakikupi haki ya kupanda gari hata siku moja.

Texas imeongeza kifundo kingine katika majina. Karatasi ambayo jimbo linampa EMT inaitwa cheti, ingawa kisheria kazi yake ni ileile ya leseni. Kwa paramediki kuna aina mbili: paramediki mwenye cheti, na paramediki mwenye leseni, ambaye ni yuleyule aliyeongeza shahada, iwe ya miaka 2 katika fani ya tiba ya dharura au shahada ya kwanza katika fani yoyote. Kitabibu hawatofautiani, mwenye leseni hapati ruhusa ya dawa au ufundi ambao mwenzake hana. Anayeamua mhudumu afanye nini kwa mgonjwa Texas ni daktari msimamizi, kwa sababu jimbo hilo halina orodha ya serikali inayosema EMT afanye hili na paramediki afanye lile. Ukihama kutoka kampuni moja kwenda nyingine ndani ya jiji lilelile, unaweza kukuta umepewa dawa ambazo jana hukuruhusiwa kuzigusa, au umenyang'anywa. Ili kuepuka kuchanganya, kuanzia hapa nitaita karatasi ya Austin kibali na ya Ohio cheti.

Kalenda mbili kwa mfano

Mchukulie mhudumu aliyefaulu mtihani wa taifa mwezi Mei 2023 akiwa EMT, na kupewa kibali cha Texas mwezi Juni 2023. Kibali chake kinaisha Juni 2027. Cheti chake kwa mara ya kwanza kiliisha 31 Machi 2025, haikufika hata miaka 2 kamili, kwa kuwa NREMT huwaleta wote kwenye tarehe moja ya Machi. Akikihuisha, kinaisha tena 31 Machi 2027, miezi michache tu kabla ya kibali cha jimbo.

Sasa, Texas inamtaka nini Juni 2027? Hapa ndipo penye utamu wa jambo. Jimbo linampa zaidi ya njia moja ya kuonyesha kwamba bado anaiweza kazi. Njia ya kwanza ni saa za mafunzo endelevu alizokusanya ndani ya miaka 4 ya kibali: saa 72 kwa EMT, 108 kwa EMT wa ngazi ya juu, na 144 kwa paramediki, zikiwa zimegawanywa kwenye maeneo ya lazima kama njia ya hewa, majeraha, magonjwa na huduma kwa watoto. Njia ya pili ni kuonyesha kwamba cheti chake cha NREMT kiko hai. Kipo pia kipengele cha mtihani, na kipo cha programu za waajiri zilizoidhinishwa, lakini hizo mbili za kwanza ndizo zinazopitiwa na wengi.

NREMT nayo kwa kila miaka 2 inadai saa 40 kwa EMT, 50 kwa EMT wa ngazi ya juu na 60 kwa paramediki. Weka namba hizi sambamba kwa miaka 4. EMT anayekihuisha cheti chake mara mbili atakuwa amesoma saa 80, zaidi ya 72 za jimbo. Paramediki atakuwa amesoma saa 120, pungufu ya 144 za jimbo. EMT wa ngazi ya juu 100, pungufu ya 108. Kwa hiyo paramediki wa Texas anayekiweka hai cheti cha taifa anahuisha kibali chake kwa saa 24 pungufu kuliko mwenzake aliyekiacha kife, kwa sababu jimbo linakubali cheti hicho na halimwambii aongezee saa zilizobaki. Yule aliyeambiwa "haihitajiki Texas" hakuambiwa hesabu hii.

Turudi kwa EMT wetu. Kama Machi 2027 atahuisha cheti, Aprili anaweza kupeleka maombi Austin akikitumia hichohicho, na miezi miwili inamtosha. Kama atakiacha kife Machi, mwezi Juni atalazimika kuonyesha saa 72 zenye mgawanyo wa Texas, na saa alizosoma kwa mgawanyo wa NREMT huenda zisiangukie kwenye maeneo yote ambayo jimbo linayataka. Hapo ndipo watu hukimbizana na kozi za usiku wa manane.

Maombi ya jimbo hupokelewa kuanzia mwaka mmoja kabla ya tarehe ya kuisha. Hakuna faida yoyote ya kungoja mwezi wa mwisho, kwa kuwa maombi yako yanaingia kwenye foleni ya jimbo zima. Lakini usiyatume kabla saa zako hazijatimia. Unapotia sahihi unakiri kwamba umeshazisoma, na kusema "nitamalizia wiki ijayo" hakutambuliwi na kanuni. Ni tamko lisilo kweli kwenye hati ya serikali. Ada ya jimbo ni dola 64 kwa EMT, 96 kwa EMT wa ngazi ya juu na kwa paramediki mwenye cheti, na 126 kwa paramediki mwenye leseni. Hairudishwi. Anayejitolea bila malipo, kama wanavyofanya wengi kwenye miji midogo ya vijijini, hatozwi. Kuna pia mtihani mfupi wa sheria za Texas zinazohusu huduma ya dharura, na watu huuacha hadi mwisho kwa kudhani ni jambo la waombaji wapya. Usome mapema. Mambo yaliyomo, kama wajibu wa kutomtelekeza mgonjwa na wajibu wa kutunza siri zake, ndiyo yanayowafikisha watu mbele ya kamati za nidhamu.

Na barua ya kukumbushwa? Idara inaweza kukutumia, lakini kutoipata si utetezi. Ukihama nyumba, badilisha anwani yako kwao kabla hujabadilisha ya benki.

Saa hizo ni za nini

Nimewahi kusikia wenzetu wakiziita saa hizi kodi. Naelewa. Mtu ametoka zamu ya saa 24, ana zamu nyingine mahali pengine kesho kutwa, halafu anaambiwa akae mbele ya kompyuta. Lakini tazama kilichobadilika ndani ya kazi ya mtu mmoja.

Aliyehitimu mwaka 2005 alifundishwa kumfufua mtu aliyesimama moyo kwa kuanza na njia ya hewa, kisha pumzi, kisha kifua. Mwaka 2010 Shirika la Moyo la Marekani liligeuza mpangilio: kifua kwanza. Mwaka 2015 likaweka mipaka: mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, na kina cha angalau sentimita 5 kwa mtu mzima, bila kuzidi 6. Aliyehitimu miaka hiyo alifundishwa pia kwamba mkanda wa kubana mkono au mguu unaovuja damu ni hatua ya mwisho kabisa, karibu sawa na kuukata mguu wenyewe. Vita vya Iraki na Afghanistan vikaonyesha kinyume, kwamba mkanda uliofungwa mapema huokoa maisha na viungo vingi hupona, na leo unafundishwa hata kwa walimu wa shule. Alifundishwa kumfunga kila aliyepata ajali kwenye ubao mgumu wa mgongo. Baadaye vyama vya madaktari wa dharura na wa upasuaji vikasema ubao huo una madhara yake, kuanzia maumivu na vidonda vya ngozi hadi kupumua kwa shida, na wengi hawauhitaji.

Mhudumu ambaye hakusoma tena tangu 2005 angekuwa anafanya yote hayo kwa bidii na kwa moyo mweupe, na angekuwa anawaumiza watu.

Ndiyo maana NREMT imegawanya saa zake sehemu tatu. Nusu ni ya kitaifa, na mada zake huwekwa na sajili yenyewe kufuatana na ushahidi wa karibuni. Robo huamuliwa na jimbo au na mahali unapofanya kazi. Robo iliyobaki ni yako. Kwa EMT hiyo ni 20, 10 na 10. Kwa paramediki 30, 15 na 15.

Hiyo robo yako ndiyo ninayotamani tuichukulie kwa uzito. Watu wengi huijaza na kozi ya kwanza inayotokea. Lakini mhudumu anayezungumza Kiswahili huko Fort Worth au Houston ndiye atakayeitwa na mwenzake siku mama wa Kikongo anapojifungulia kwenye kochi la nyumba ya kupanga, au kijana mwenye selimundu anapolia kwa maumivu na wauguzi wakidhani anatafuta dawa za kulevya, au mzee aliyerudi kutoka Mwanza wiki mbili zilizopita anapotetemeka kwa homa ambayo huko Texas hakuna anayeifikiria kuwa malaria. Kozi za uzazi nje ya hospitali, za selimundu na za magonjwa ya wasafiri zipo, zinakubalika, na zinaingia kwenye saa hizo hizo 10. Wewe ndiye unayewajua wagonjwa hao.

Pamoja na saa, NREMT inataka mtu mwenye dhamana kwenye shirika lako athibitishe kuwa ujuzi wa mikono bado unao, na kwa ngazi za juu daktari msimamizi huingia. Asiyefanya kazi ya kuhudumia wagonjwa kwa sasa, kwa mfano aliyejifungua au anayesoma unesi, anaweza kuweka cheti katika hali ya mapumziko. Bado atadaiwa saa zilezile, lakini hatadaiwa uthibitisho wa ujuzi wa mikono. Texas nayo ina hali ya mapumziko ya kibali. Ukiwa humo huruhusiwi kumhudumia mgonjwa kama EMT wala paramediki, hata kwa zamu moja ya kumwokoa rafiki aliyekosa mtu.

Ushahidi

Kila mzunguko baadhi ya waombaji huchaguliwa kukaguliwa, na jimbo na sajili hufanya hivyo kila moja kwa wakati wake. Ukaguzi hauji na tuhuma. Unakuja na ombi: tuonyeshe vyeti vya saa ulizotuambia umesoma. Cheti cha kozi kinachofaa kina jina lako, jina la kozi, tarehe, idadi ya saa, na nani aliyeiidhinisha, ambayo kwa kozi za mtandaoni mara nyingi ni tume ya CAPCE na kwa za Texas ni namba ya kibali cha DSHS. Kozi isiyo na uidhinishaji wowote, hata iwe nzuri vipi, haihesabiki. Kozi ileile iliyosomwa mara mbili ndani ya mzunguko mmoja haihesabiki mara mbili. Saa ulizozidisha mzunguko huu hazihamishiwi kwenye ujao.

Nashauri kila cheti cha kozi kipigwe picha siku kilipotolewa na kuwekwa mahali pawili, na kisifutwe hadi mzunguko unaofuata nao uishe. Wasimamizi wa mafunzo huhama kazi, kampuni huuzwa, na mfumo wa kompyuta uliohifadhi saa zako unaweza kufungwa pamoja na kampuni.

Kuna jambo moja linalowapata watu wetu zaidi ya wengine, nalo ni jina. Mtu amekuja na hati ya ukimbizi yenye majina matatu, la kwake, la baba na la babu, na ofisa akaamua mwenyewe lipi ni la ukoo. Alipoapa uraia akatumia nafasi iliyopo ya kubadilisha jina mahakamani. Kozi alizosoma kabla zina jina la zamani, kibali kina la pili, cheti cha taifa kina namna nyingine ya kuliandika. Kompyuta inawaona watu watatu. Rekebisha jina kwenye DSHS na NREMT mara tu hati yako ya uraia inapotoka, ukiambatisha uthibitisho wa mabadiliko, badala ya kungoja mwezi wa kuhuisha. Ukifika kwenye ukaguzi na majina matatu, hutakataliwa kwa hilo peke yake, lakini kila wiki ya kuandikiana barua inakula tarehe yako ya mwisho.

Kadi ya ufufuo wa moyo na mapafu ni kitu kingine tena. Hutolewa kwa miaka 2, nayo ina tarehe yake ya tatu ambayo haifuatani na hizo mbili. Waajiri wengi hawakupi zamu ikiisha, hata kama kibali chako kina miaka 3 mbele. Paramediki ana kadi nyingine mbili au tatu za namna hiyo, za moyo wa watu wazima na za watoto.

Ikishaisha

Kibali cha Texas kikiisha huruhusiwi kufanya kazi siku inayofuata. Watu huuliza kuhusu muda wa neema. Upo muda wa kuhuisha kwa kuchelewa, lakini si muda wa kufanya kazi. Ndani ya siku 90 baada ya kuisha unalipa ada mara moja na nusu. Kuanzia siku 90 hadi mwaka mmoja unalipa mara mbili. Ukipita mwaka, huwezi tena kuhuisha; unaomba upya kama mtu anayeingia kwa mara ya kwanza, na hapo Texas inarudi kuutaka mtihani wa taifa. Rekodi ya kibali chako iko wazi kwenye tovuti ya jimbo, na mwajiri huitazama. Aliyefanya zamu hata chache huku kibali kimekufa amejiweka yeye, kampuni na daktari wake katika matatizo ambayo ada ya ziada haiyamalizi.

Cheti cha NREMT kina njia fupi kidogo: kama saa zako zote zilisomwa kabla ya 31 Machi lakini hukutuma maombi, unaweza kutuma ndani ya Aprili kwa kulipa ada ya kuchelewa. Saa ulizosoma Aprili hazikuokoi. Baada ya hapo cheti kimelala, na kukiamsha kunahitaji mafunzo na kurudia mtihani wa kompyuta. Huo ni mtihani ambao watu walioko kazini kwa miaka 10 hushindwa, kwa sababu unauliza mambo ya kitabu wakati wao wamezoea ya itifaki za kampuni moja.

Ukihama jimbo

Hapa ndipo cheti cha taifa kinapojilipa. Ukiwa nacho hai, majimbo mengi yatakupa kibali kwa kukipokea hicho pamoja na uchunguzi wa alama za vidole na ada. Ukiwa huna, wengi watakurudisha kwenye mtihani. Na usidhani masharti ya Texas yanahamia nawe. California, kwa mfano, inampa EMT kibali kupitia mamlaka za mitaa, ambazo ni zaidi ya 30, na kumtaka saa 24 na uthibitisho wa ujuzi kila miaka 2. Paramediki anapewa leseni na jimbo lenyewe na kutakiwa saa 48 kwa miaka hiyo 2. Mtu aliyezoea kupumua miaka 4 ya Texas anashangaa jinsi miaka 2 ya California inavyokuja haraka.

Upo pia mkataba wa majimbo, ambao sheria yake ilipata nguvu mwaka 2017 baada ya jimbo la kumi kuingia, na ukaanza kutumika Machi 2020. Texas ni mwanachama, pamoja na Colorado, Georgia na wengine. California na New York hazimo. Mkataba huo unampa mhudumu mwenye kibali safi cha jimbo lake haki ya kumhudumia mgonjwa anapovuka mpaka akiwa kazini, tuseme anapompeleka mgonjwa hospitali ya jimbo jirani au anapotumwa kwenye moto wa msituni Colorado. Wengi wameuelewa kama leseni ya taifa, na hiyo si kweli. Kibali chako cha Texas kikiisha saa sita usiku, haki yako ya Colorado imeisha dakika hiyohiyo.

Kwa sababu hizi, ushauri wangu kwa EMT au paramediki wa Texas ambaye bado ana miaka ya kazi mbele ni kukiweka hai cheti cha NREMT hata pale mwajiri asipokidai. Watu wetu huhama. Ndugu anapata nyumba Minnesota, mume anapata kazi Ohio, mama mzee anahitaji kusogelewa. Saa 40 kwa miaka 2 ni chini ya saa 2 kwa mwezi, na kwa paramediki ni 2 na nusu. Anayezisoma hivyo, kidogo kidogo tangu Aprili, akifika Machi ana kazi ya kutuma fomu tu, na akifika mwezi wake wa Texas anatumia cheti hichohicho kufungua mlango wa pili.